Kutafuta Neno kwa Herufi: Asili ya "Boda" katika Mpaka wa Busia na Malaba

1. Utangulizi

Mtu anayekijua Kiingereza akipewa herufi nne, b, o, d na r, kisha akaambiwa ataje maneno ya lugha hiyo yaliyo na herufi hizo kwa mpangilio wowote, hatakosa la kusema. Atataja "board", "broad", "border", "forbid", "cupboard", "boredom", "neighbourhood" na mengine mengi. Kwa watu wengi kazi hii ni mchezo tu. Chemshabongo ya maneno iliyobuniwa na Arthur Wynne ilichapwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Katika miaka ya 1930 Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani, alihesabu herufi katika magazeti ili ajue kila moja hutokea mara ngapi, akatunga mchezo ambao baadaye uliitwa Scrabble. Katika mchezo huo herufi e ina vipande 12, lakini k, ambayo ni shida kumaliza sentensi ya Kiswahili bila kuikuta, ina kipande kimoja tu.

Wanaleksikografia nao walikuwa na haja ya kutafuta maneno kwa herufi, ingawa kwa kusudi jingine. Orodha iliyosimamiwa na A. F. Brown mwaka 1963, na kamusi ya Martin Lehnert ya mwaka 1971, ziliyapanga maneno ya Kiingereza kwa kuanzia herufi ya mwisho, hata mtafiti aliyetaka maneno yanayoishia na "-er" aliyapata yote mahali pamoja. Siku hizi kompyuta huifanya kazi hiyo kwa kufumba na kufumbua.

Si ajabu basi kwamba njia hii imeingia pia katika uchunguzi wa maneno ya mkopo. Mtafiti huchukua neno la Kiswahili analolishuku kuwa la Kiingereza, akaziondoa irabu zilizoongezwa, akabaki na konsonanti zake, kisha akatafuta neno la Kiingereza lenye konsonanti hizohizo. Akilipata, huandika kwamba asili imejulikana.

Makala haya yanakusudia kuipima njia hiyo kwa neno moja, nalo ni "boda", ambalo leo ni jina la baiskeli au pikipiki ya kubeba abiria kwa malipo, na ambalo chimbuko lake ni miji ya Busia na Malaba katika mpaka wa Kenya na Uganda. Itaonyeshwa kwamba herufi za Kiingereza, zikitumiwa peke yake, haziwezi kuthibitisha asili ya neno hili. Kinachoithibitisha ni historia ya mahali: mstari uliochorwa, malango yaliyojengwa juu yake, na watu waliolazimika kupita kati ya lango na lango. Neno likiandikiwa asili bila historia hiyo, watu hao hupotea katika kumbukumbu.

2. Herufi na Sauti katika Maneno ya Mkopo

Hapana budi kuanza na jambo linalojulikana lakini linalosahauliwa mara kwa mara. Maneno mengi ya Kiingereza yaliingia katika Kiswahili kwa njia ya sikio. Hamali, dereva, askari na mpishi waliyasikia maneno kazini. Wengi wao hawakuyaona yameandikwa. Walichopokea ni sauti, na sauti hizo wakazipanga kwa silabi za Kiswahili, ambazo kwa kawaida huishia na irabu.

Mfano mzuri ni "kabati". Mtu akiutafuta mzizi wake kwa herufi k, b na t katika kamusi ya Kiingereza, hatafika popote. Neno lenyewe ni "cupboard". Herufi ya kwanza ni c, wala si k. P imeandikwa lakini haitamkwi. R imeandikwa lakini haisikiki katika matamshi ya Uingereza ya kusini. Na d ya mwisho imegeuka t. Katika konsonanti zote za Kiingereza zilizoandikwa, ni b tu iliyobaki mahali pake kwa herufi ileile. Hata hivyo, msemaji wa kwanza wa "kabati" hakukosea neno. Alilisikia barabara, akalitamka kwa kanuni za lugha yake.

Herufi inayowasumbua watafiti kuliko zote ni r. Katika "dereva", kutoka "driver", r ya kwanza imebaki na kuongezewa irabu, lakini r ya mwisho imetoweka. Katika "keria", yaani kile kibebeo cha nyuma ya baiskeli, r ya katikati ya "carrier" imebaki kwa sababu inafuatwa na irabu na kwa hiyo Waingereza wenyewe huitamka. Ya mwisho imetoweka kwa sababu wao wenyewe hawaitamki. "Motokaa" limepoteza r mbili. Lakini "manowari", kutoka "man-of-war", limeihifadhi r yake, na hali kadhalika "tairi". Kwa hiyo haiwezekani kutoa kanuni moja ya herufi itakayoyafaa maneno yote. Lazima kila neno liulizwe lilisikika kinywani mwa nani na wakati gani.

Mwisho wa neno una taabu yake pia. "Sweta" limetoka katika neno linaloishia na "-er", "lita" katika linaloishia na "-re", "meya" katika linaloishia na "-or", na "dola" ya fedha katika linaloishia na "-ar". Tahajia nne za Kiingereza zimekutana katika irabu moja ya Kiswahili, a. Anayetoka Kiswahili kwenda Kiingereza hana budi kubisha hodi katika milango yote minne. Tena neno hilohilo "dola" lina mwenzake, "dola" yenye maana ya mamlaka ya nchi, ambayo asili yake ni Kiarabu. Herufi ni zilezile nne, lakini historia ni mbili tofauti kabisa.

3. Maneno Mawili Yaliyofichwa na Herufi

Kwa kuzingatia hayo, neno "boda" linaweza kutafutwa kwa utaratibu. Irabu ya mwisho, a, yaweza kuwa imetokana na "-er", "-or", "-ar" au "-re". Irabu o yaweza kuwakilisha o ya Kiingereza iliyo fupi au ile ndefu inayoandikwa kwa "or", "oar", "aw" au "au". Konsonanti b na d hazina mashaka makubwa, ila d yaweza kutokana na t katika maneno machache.

Mtafiti akipita katika orodha za Kiingereza kwa masharti hayo, atayakataa maneno mengi upesi. "Broader" haliwezi kufaa kwa kuwa r inayofuata b hutamkwa, na Kiswahili kingeihifadhi kama kilivyoihifadhi katika "dereva". "Bother" lina sauti ambayo Kiswahili huiandika kwa dh, na hakuna sababu ya kuifanya d. "Body" na "board" yote mawili yamekwisha kutoa "bodi": ya kwanza ni bodi ya gari, ya pili ni bodi ya wakurugenzi. Mwishowe yatabaki maneno mawili, "border", yaani mpaka, na "boarder", yaani mtu anayelala na kula mahali kwa malipo, mwanafunzi wa bweni, au hata mtu anayepanda chombo.

Katika matamshi ya Uingereza maneno haya mawili hayana tofauti yoyote. Sauti ni moja. Herufi a iliyomo katika la pili ni ya macho tu. Kwa hiyo mtu angeweza kudai kwamba "boda" limetokana na "boarder", kwa hoja kwamba chombo chenyewe ni cha kupandwa na abiria. Dai hilo lingekubaliana na kila kanuni ya sauti iliyotajwa hapo juu. Lingekubaliana pia na maana ya leo, pengine kuliko lile la "border", kwa sababu pikipiki inayombeba mwanafunzi mjini Nakuru au mgonjwa kijijini Tanzania haina uhusiano wowote na mpaka wa nchi.

Hapo ndipo mchezo wa herufi unapofikia kikomo. Umeyapunguza maneno maelfu yakawa mawili, na hiyo si kazi ndogo; lakini hauwezi kuchagua kati ya hayo mawili. Aliyebaki wa kuulizwa ni mwanahistoria.

4. Mstari na Malango

Mpaka unaozungumziwa hapa haukuwa wa kale. Hadi mwaka 1902 nchi yote ya Busia na Malaba, pamoja na sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ya leo, ilihesabiwa kuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika Ziwa Viktoria, mahali ambapo leo ni Kisumu, mwezi wa Desemba 1901, na serikali ya Uingereza iliona inafaa reli yote iwe chini ya utawala mmoja. Mwaka 1902 jimbo hilo likahamishiwa katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mstari mpya ulifuata kwa sehemu mto Sio na mto Malaba, ukawagawa Wasamia na Wateso, ndugu na ndugu, pande mbili.

Hata hivyo, kwa miaka 60 mstari huo haukuwa na uzito mkubwa kwa msafiri wa kawaida. Kenya na Uganda zilikuwa na umoja wa forodha tangu mwaka 1917. Reli iliyopitia Eldoret, Malaba na Tororo hadi Kampala, iliyofika huko mwaka 1931, ilikuwa reli moja. Fedha ilikuwa moja, posta moja, na huduma nyingi ziliendeshwa na chombo kimoja, kwanza chini ya Halmashauri Kuu ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1948.

Mambo yalibadilika baada ya uhuru. Uganda ilijitawala tarehe 9 Oktoba 1962, na Kenya tarehe 12 Desemba 1963. Mwaka 1966 kila nchi ilianza kutoa shilingi yake yenyewe. Mwaka 1967 mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi, lakini Jumuiya hiyo ilivunjika mwaka 1977. Kila hatua ya kutengana iliongeza kazi ya malango ya mpakani: hati za kusafiria, ukaguzi wa mizigo, ubadilishaji wa fedha, na ruhusa za magari.

Katika Busia na Malaba lango la Kenya na lango la Uganda hayakukaa mkabala. Kati yake palikuwa na kipande cha barabara ambacho waandishi wa habari za usafiri hukikadiria kuwa zaidi ya nusu maili. Gari la abiria la upande mmoja, lisilokuwa na hati za kuingilia upande wa pili, liliishia langoni. Abiria aliteremka na mizigo yake, akawa na jua, vumbi au matope mbele yake, na nusu maili ya kutembea. Ni katika nafasi hiyo kwamba vijana wenye baiskeli, katika miaka ya 1960, walianza kuwapakia wasafiri kwenye keria kwa malipo madogo.

Miaka ya 1970 iliizidishia kazi hiyo umuhimu. Idi Amin alitwaa utawala wa Uganda tarehe 25 Januari 1971, na mwaka 1972 aliwafukuza Waasia, ambao mikononi mwao ilikuwa sehemu kubwa ya biashara na viwanda. Sukari, chumvi na sabuni zikawa adimu Uganda. Baridi kali iliyoharibu mibuni ya Brazil mwezi wa Julai 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani, na kahawa ya Uganda ikavuka kwa siri kuja Kenya, hasa kupitia soko la Chepkube, kaskazini ya Malaba. Neno "magendo" likawa la kila siku. Februari 1976 Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni mali ya Uganda kihistoria, akirejea mipaka ya kabla ya ule uhamisho wa mwaka 1902. Mpaka ambao zamani ulikuwa mstari wa ramani ukawa jambo la vita na amani. Hata baada ya Amin kuanguka mwaka 1979 haukutulia mara moja. Desemba 1987 majeshi ya pande mbili yalipambana Busia, na mpaka ukafungwa.

Historia hii yatoa jibu la swali la sehemu ya tatu. Kabla ya miaka ya 1960 hapakuwa na malango mawili yenye kumlazimisha abiria ashuke. Kazi ya baiskeli ilizaliwa na malango hayo, na jina lake likazaliwa pamoja nayo. "Boarder" linaweza kufaa popote penye chombo na abiria. Halielezi kwa nini neno hilo lilianza hapa na si Kakamega au Jinja, ambako baiskeli pia zilikuwapo. "Border" laeleza.

5. Wito wa Mwendesha Baiskeli

Yapo maswali mawili ambayo mwanaisimu hawezi kuyaacha. La kwanza: kwa nini vijana wale waliita kwa neno la Kiingereza, na hali Kiswahili kina "mpaka"? La pili: kwa nini hawakuita kwa jina la mji, kama wafanyavyo makondakta katika vituo vyote vya mabasi?

Jibu la swali la pili limo katika ramani. Mji wa upande wa Kenya unaitwa Busia, na mji wa upande wa Uganda unaitwa Busia. Malaba ni vivyo hivyo. Kondakta wa Kisumu anayeita "Busia" hueleweka, kwa sababu Busia iko mbele yake. Mwendesha baiskeli aliyesimama Busia na kuita "Busia" hakuwa amesema neno. Alihitaji jina la kile kitu kilichotenganisha Busia na Busia, nacho kilikuwa lango.

Kuhusu "mpaka", yaelekea sababu ni mbili. Kwanza, "mpaka" katika Kiswahili ni nomino na pia ni kihusishi. Mtu husema "mpaka wa shamba", lakini pia husema "twende mpaka sokoni". Wito wa "mpaka, mpaka!" ungemwacha msikilizaji akingoja mwisho wa maneno: mpaka wapi? Pili, "mpaka" ni neno la ardhi. Wakulima wa pande zote mbili wana mipaka ya mashamba iliyopandwa miti. Lakini kile kilichokuwa barabarani, chenye kizuizi, bendera, afisa na muhuri, kilikuwa kitu kigeni kilichokuja na jina lake. Watumishi wa forodha na uhamiaji walikiita "border", na wenyeji wakakipokea pamoja na jina, kama walivyopokea baiskeli na jina lake.

Sasa yafaa kurudi kwenye herufi r. Neno "border" lina r mbili, na "boda" halina hata moja. Mtu aweza kudhani kwamba wenyeji walishindwa kuzitamka. Dhana hiyo haina msingi. Kiswahili kina r katika "bara" na "barua". Kiteso, ambacho ndicho lugha ya wenyeji wa Malaba, kina r na tena hukubali neno liishie na konsonanti, kama katika "emuron", yaani mwaguzi. Kama r za "border" zingesikika, Mteso hangekuwa na taabu ya kuzirudisha. Hazikurudishwa kwa sababu hazikusikika. Kiingereza kilichotumika katika ofisi za Afrika Mashariki kilikuwa cha mtindo wa Uingereza, ambamo r huandikwa tu pasipofuatwa na irabu. "Boda" basi si "border" lililoharibika. Ni "border" lililosikiwa sawasawa na kuandikwa kama linavyotamkwa.

Jambo la mwisho ni kule kurudufu. Baadhi ya maelezo husema kwamba "boda boda" ni kifupi cha "border to border", kutoka lango hadi lango. Mengine husema ni wito uliorudiwa tu. Kwa upande wa Kiswahili hakuna haja ya kuchagua kwa ukali. Urudufu katika lugha hii huweza kuonyesha kitendo kinachorudiwa, na kazi yenyewe ilikuwa ya kwenda na kurudi kutwa nzima. Kiunganishi cha Kiingereza, kama kilikuwapo, kilianguka bila kuathiri maana.

Inafaa kulilinganisha neno hili na wenzake. "Matatu" la Nairobi husemwa kuwa limetokana na nauli ya senti 30, yaani sarafu tatu za senti kumi kumi, kwa Kikikuyu. "Daladala" la Dar es Salaam husemwa kuwa limetokana na "dala", jina la mitaani la sarafu ya shilingi tano. "Pikipiki" limetokana na mlio wa injini. Majina mawili ya kwanza yanamweleza abiria atalipa nini, na la tatu linaiga sauti ya chombo. "Boda" peke yake linamwambia abiria anakwenda wapi. Kati ya hayo, ni hilo pia lililobeba ndani yake habari ya dola mbili na kizuizi kati yao.

6. Kupanuka kwa Neno na Kurudi Kwake katika Kiingereza

Neno halikukaa mpakani. Baiskeli za abiria zilienea katika miji ya Uganda ya mashariki na ya Kenya ya magharibi, nazo zikalichukua jina. Katika miaka ya 1990 pikipiki zilianza kuchukua nafasi ya baiskeli nchini Uganda, na katika muongo wa kwanza wa karne ya 21 pikipiki za bei nafuu kutoka Asia zilijaa Kenya pia. Tanzania nayo ina "bodaboda", ingawa wengi wa wanaolisema neno hilo hawajapata kufika Busia wala Malaba. Chombo kimebadilika, abiria wamebadilika, njia imebadilika, jina limebaki.

Maana nayo imehama. Mwanzoni "boda" lilikuwa mahali. Kisha likawa safari ya kwenda mahali hapo, kisha chombo cha safari hiyo, na leo huitwa hivyo hata mwendeshaji. Uhamaji wa namna hii ni wa kawaida katika lugha zote. Lakini unapotokea, maana ya kwanza hufunikwa, na msemaji hupoteza njia ya kurudi kwenye chimbuko.

La ajabu zaidi ni kwamba neno limerudi katika lugha lilikotoka bila kutambulika. Magazeti ya Kiingereza ya Nairobi na Kampala huandika "boda boda" kwa tahajia ya Kiswahili, na kamusi za Kiingereza za Oxford zimelipokea kwa tahajia hiyohiyo. Hakuna mhariri anayelirudishia r zake. Kwa hiyo leo mtu anayetafuta maneno ya Kiingereza yenye herufi b, o, d na a atalikuta "boda" pamoja na "board" na "abode", na asipoelezwa atadhani ni neno geni kabisa lililokopwa kutoka Afrika. Kwa kiasi fulani atakuwa amesema kweli. Kiingereza kilikopesha neno moja la serikali, kikarudishiwa neno la watu wa barabarani.

Kuhusu maandishi ya Kiswahili, tahajia tatu zinatumika: "boda boda", "boda-boda" na "bodaboda". Kwa kuwa "pikipiki" na "daladala" huandikwa kwa neno moja, na kwa kuwa sehemu mbili za neno hili hazitenganishwi na neno jingine lolote, yafaa kuandika "bodaboda" panapokusudiwa chombo, na kuacha "boda" kwa umbo fupi na kwa lango lenyewe.

7. Hitimisho

Kazi ya kuonyesha asili ya maneno katika kamusi za Kiswahili ina historia ndefu. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930 ilisimamia kamusi zilizotolewa mwaka 1939 kwa jina la Frederick Johnson, nazo zilionyesha asili ya maneno mengi ya kigeni. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotayarishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoka mwaka 1981. Kwa kawaida asili huonyeshwa kwa alama fupi ya jina la lugha. Kwa maneno kama "sweta" na "lita" alama hiyo yatosha. Kwa "bodaboda" haitoshi hata kidogo, kwa sababu kusema "Kiingereza" ni kutaja mahali herufi zilikotoka na kunyamaza kuhusu mahali neno lilikotoka.

Yapendekezwa basi kwamba kwa maneno ya aina hii kamusi iongeze mambo mawili: mahali na wakati. Maelezo ya asili yangeweza kuwa mafupi kabisa: kutoka Kiingereza "border", mpaka, Busia na Malaba, miaka ya 1960, kwanza baiskeli ya kuvusha abiria kati ya malango mawili. Maneno yasiyozidi ishirini yangetosha kuwarudisha waendesha baiskeli wale katika historia ya lugha waliyoitajirisha.

Ushahidi wa kazi hiyo hautapatikana daima. Tarehe 24 Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walizindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambako msafiri hukaguliwa mara moja tu, upande anaoingia. Malaba nako utaratibu huo umeingia. Mwendo wa kutoka lango hadi lango, uliokuwa sababu ya baiskeli zile, umekosa sehemu kubwa ya maana yake. Kijana aliyekuwa na miaka 20 alipoita abiria mwaka 1965 amezaliwa mwaka 1945, na leo, kama yu hai, amepita miaka 80. Yeye na wenzake ndio wanaojua waliita nini kwanza, "boda" mara moja au mara mbili, waliwaita nani, na kama neno lilianzia Busia likaenda Malaba au lilianzia Malaba likaja Busia. Orodha ya herufi haitayajibu maswali hayo. Idara za lugha zilizo karibu na mpaka zina wanafunzi wanaozisema lugha za pande zote mbili, na kazi ya kuwahoji wazee hao yaweza kufanywa kwa daftari, kalamu na nauli ya matatu hadi Busia.